Kutembelea Baa ya Kawaida ya Mjini Inayopika Bia Yake Yenyewe Nchini Uingereza: Mwongozo Kamili

Baa inayozungumziwa hapa haina zulia jipya, haina runinga kubwa ya kuonyesha mpira, haina muziki, na pengine haina hata jiko. Ina kaunta ya mbao, meza zilizokwaruzika, benchi zilizolainishwa na miaka mingi ya kukaliwa, na nyuma yake, uani au katika chumba cha chini ya ardhi, ina mitambo midogo inayopika bia inayouzwa papo hapo. Mgeni aliyefika Uingereza kwa mara ya kwanza anaweza kuiona imechakaa, akaipita na kuingia katika ile inayong'aa ng'ambo ya barabara. Ningependa asiipite. Katika baa isiyo na anasa, fedha na akili za mwenye mali zimeingia katika kitu kimoja, nacho ni kile kinachotoka kwenye pampu. Kwa hiyo ziara yako yote, kuanzia siku unayoichagua hadi namna unavyoagiza, inafaa kupangwa kwa kuifuata bia hiyo na hali yake ya siku hiyo.

Kwanza ifahamu bia yenyewe. Wengi wetu tumezoea laga, ambayo huchachushwa polepole katika ubaridi, kisha huchujwa na kutiwa gesi. Bia inayopikwa katika baa hizi kwa kawaida ni eli, ambayo hamira yake hufanya kazi katika joto la takribani nyuzi 18 hadi 22 na kumaliza kazi kubwa ndani ya siku chache. Eli ya pipa, ambayo ndiyo fahari ya baa hizi, haichujwi wala hamira yake haiuawi kwa joto. Huingizwa katika pipa ikiwa ingali hai, huendelea kuchacha humo taratibu, na gesi inayojitengeneza yenyewe ndiyo gesi yake. Ndiyo maana haina mapovu makali yanayochoma ulimi, na ndiyo maana pipa likishafunguliwa na hewa ikaingia, bia huanza kuharibika. Siku tatu hivi ndizo zake za uzuri. Karibu kila ushauri utakaofuata unatokana na ukweli huo mmoja.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba bia inapikwa hapo kweli

Zamani lilikuwa jambo la kawaida kwa baa ya Uingereza kupika bia yake, lakini viwanda vikubwa viliimeza desturi hiyo hatua kwa hatua, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikawa zimebaki baa nne tu zilizoiendeleza: Blue Anchor ya Helston, Three Tuns ya Bishop's Castle, All Nations ya Madeley na Old Swan ya Netherton. Mwaka 1971 kilianzishwa chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA, kilichosimama kuitetea eli ya pipa, na mwaka 1979 David Bruce akafungua baa ya Goose and Firkin katika eneo la Southwark, London, akiwa na mitambo yake ndani ya jengo lenyewe. Punguzo la ushuru kwa wapishi wadogo lililoanza mwaka 2002 liliongeza kasi, na leo baa za namna hii zinapatikana katika miji mingi.

Hata hivyo, jina lililoandikwa ukutani si ushahidi. Baa inayofanikiwa huzidiwa na wateja, nafasi ya mitambo ikawa ndogo, na upishi ukahamishiwa jengo lingine. Marble Arch ya Manchester, iliyojengwa mwaka 1888 na inayojulikana kwa sakafu yake ya vigae inayoteremka kuelekea kaunta, ilianza kupika bia nyuma ya baa mwaka 1997, lakini baadaye upishi ulihamishwa kutoka jengo hilo. Bado ni mahali pazuri pa kunywea, ila anayetaka kusikia harufu ya kimea kikichemka atakuwa amekosea anwani. Piga simu au andika ujumbe kabla ya kwenda, uulize maswali mawili tu: je, mnapika humo humo, na je, ni bia ngapi zenu ziko kwenye pampu wiki hii? Mwenye baa anayejivunia kazi yake hulijibu swali la pili kwa majina. Akikujibu kwa jumla jumla, endelea kutafuta.

Hatua ya pili: chagua siku na saa

Mitambo ya baa ni midogo. Ukubwa unaokutana nao mara nyingi ni ule wa takribani lita 818 kwa mpiko mmoja, ambazo hujaza mapipa 20 ya aina inayoitwa ferkini. Ferkini moja huchukua lita 41 hivi, yaani painti 72, painti ikiwa ni kipimo cha zaidi kidogo ya nusu lita. Piga hesabu mwenyewe: baa inayouza painti 30 tu za bia fulani kwa siku itahitaji zaidi ya siku mbili kulimaliza pipa hilo, na baa inayouza kumi itakuwa na bia iliyochoka kabla ya wiki kwisha. Kwa sababu hiyo, ukitaka bia iliyo katika hali nzuri, nenda siku ambazo baa ina watu, hasa kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumamosi. Mapipa hayakai, na kila unachopewa kimefunguliwa karibuni.

Ukitaka kuona upishi, mambo yanageuka. Kazi hiyo hufanyika asubuhi za siku za kawaida, kabla ya wateja, na inachukua sehemu kubwa ya siku. Omba ruhusa mapema, ukubali saa utakayopangiwa, na uvae viatu vilivyofunika miguu, kwa kuwa sakafu huwa na maji na baadhi ya maji hayo ni ya moto.

Saa ambayo mimi huipenda kuliko zote ni ya alasiri katikati ya wiki, kama saa tisa au kumi hivi. Watu ni wachache, mwanga unaingia dirishani, na mhudumu ana nafasi ya kujibu maswali. Iepuke dakika ya kwanza ya kufungua mlango. Bia iliyolala ndani ya mpira unaotoka chini hadi kwenye pampu hupata joto na kupoteza uhai wake usiku kucha. Baa makini huvuta na kumwaga ile ya kwanza, lakini si baa zote zilizo makini.

Hatua ya tatu: ingia, simama, soma kaunta

Usisubiri kuonyeshwa kiti. Hakuna anayekuja mezani kukuhudumia. Unaenda kaunta, unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba glasi yako mwenyewe. Foleni haionekani kwa macho, kwa sababu watu wamesimama kwa upana wa kaunta, lakini ipo vichwani mwao. Tazama nani alikuwapo kabla yako, na mhudumu akikugeukia wewe kwanza, mwonyeshe aliyekutangulia. Kitendo hicho kidogo kitakufanyia wema usiku mzima. Kupunga noti au kupiga mluzi ni utovu wa adabu.

Kabla ya kufungua mdomo, tazama pampu. Mpini mrefu wa kuvutwa kwa mkono ndio wa eli ya pipa, na mbele yake kuna kibao chenye jina la bia, mpishi wake na asilimia ya kilevi. Bomba dogo lenye kufunguliwa kwa kidole kwa kawaida ni la bia ya kegi, yaani iliyotiwa gesi na kupozwa zaidi. Zote zinaweza kuwa nzuri, lakini ulichokijia kipo kwenye mipini. Kibao kikiwa kimegeuzwa kinyumenyume, bia hiyo imekwisha au bado haijawa tayari. Na usione pampu kumi ukafurahi haraka. Ningependa zaidi baa yenye bia nne zinazotembea kuliko yenye kumi zinazolala.

Ukubali pia kwamba bia haitakuwa baridi sana. Chumba cha mapipa huwekwa kati ya nyuzi 11 na 13, na bia hunywewa karibu na joto hilo. Anayesema kwamba Waingereza hunywa bia ya moto hajapewa iliyotunzwa vizuri, kwa sababu nyuzi 12 ni ubaridi wa kutosha kuhisiwa kwenye meno, huku ladha ikibaki huru.

Hatua ya nne: agiza kwa mpangilio

Kipimo ni painti, sawa na mililita 568. Sheria inaruhusu pia nusu painti, theluthi moja na theluthi mbili, na hakuna aibu yoyote kuagiza nusu. Kwa mtu anayetaka kujua mpishi anaweza nini, nusu painti za bia tatu zinafundisha kuliko painti tatu za bia moja. Baa nyingi zitakuonjesha kidogo ukiomba kwa adabu. Omba kuonja moja au mbili, si pampu zote, hasa watu wakiwa wengi.

Anza na iliyo nyepesi, uishie na iliyo nzito. Maildi mara nyingi huwa nyeusi au ya kahawia, tamu kidogo, yenye kilevi cha asilimia 3 na ushee. Bita ndiyo kipimo halisi cha mpishi: ni ya rangi ya shaba, kilevi chake ni kama asilimia 3.5 hadi 4.5, na haina pa kuficha kosa, kwa sababu ladha yake ni ya kimea na uchungu wa hopi tu (maua makavu yanayochemshwa pamoja na bia), vilivyolingana au visivyolingana. Kuna eli za rangi ya dhahabu zenye harufu ya matunda inayotokana na hopi, kuna pota na stauti, bia nyeusi zenye ladha ya kahawa na mkate uliobabuka, na kuna eli kongwe zinazovuka asilimia 7, ambazo ni za kunywa mwishoni, kidogo kidogo, ukiwa umekaa. Ukianza na zile zenye hopi nyingi, ulimi utakufa ganzi na maildi itakuwa kama maji. Mpishi atakuwa ameonewa.

Mkiwa kundi, mtakutana na desturi ya raundi: mmoja anawanunulia wote, kisha mwingine anafuata. Ukipokea kinywaji cha raundi umekubali kulipa yako, kwa hiyo kama unataka kunywa kidogo, sema mwanzoni kwamba utajinunulia mwenyewe, na hakuna atakayeona vibaya. Bakshishi haidaiwi kwenye kaunta. Anayetaka kushukuru humwambia mhudumu ajichukulie naye kinywaji kimoja, kisha hukilipia. Baa nyingine zinapokea kadi pekee na nyingine chache zinapokea taslimu pekee, basi beba vyote viwili.

Umri wa kununua pombe ni miaka 18, na mtu yeyote anayeonekana kuwa chini ya miaka 25 anaweza kuombwa kitambulisho, kwa hiyo kijana abebe pasipoti yake hata kama ana ndevu.

Hatua ya tano: itazame ikimiminwa

Hapa ningeomba usiangalie simu. Mhudumu anashika glasi safi, anaiinamisha chini ya mdomo wa pampu, na kuvuta mpini kwa mkono mmoja, polepole, hadi mwisho. Pampu nyingi hutoa nusu painti kwa mvuto mzima, kwa hiyo mivuto miwili, na mfupi wa kumalizia, inatosha. Bia inaingia ikiwa na ukungu, kama maji yaliyokorogwa, kisha ukungu unaanza kupanda: sehemu ya chini ya glasi inang'aa kwanza, mstari wa mwanga unapanda taratibu, na povu linajikusanya juu. Mhudumu mzuri anaiacha itulie, anaongeza kidogo, ndipo anakukabidhi.

Kaskazini mwa Uingereza hufungwa kifuniko kidogo chenye vitundu kwenye mdomo wa pampu, na bia ikilazimishwa kupita humo hutoa povu zito kama maziwa yaliyopigwa. Kusini wengi hawakitumii, na bia huja na povu jembamba. Watu wa pande hizo mbili wanabishana juu ya jambo hili kwa moyo wote. Mimi naona bita yenye kimea kingi hulainika vizuri kwa kifuniko, na eli nyepesi yenye hopi hupoteza harufu yake. Unaweza kuomba kifuniko kiondolewe; ni ombi la kawaida. Vilevile, povu likizidi na bia ikawa pungufu, omba uongezewe, nao wataongeza.

Hatua ya sita: ichunguze, na irudishe ikiwa mbovu

Inuse kwanza, kisha ionje mara mbili, kwa sababu onjo la kwanza linachanganyika na ulichokula. Eli iliyo salama ina uhai mdogo ulimini, ina harufu ya nafaka, mkate, maua au matunda, na inaacha michirizi ya povu kwenye kuta za glasi kadiri unavyoinywa. Harufu ya siki ina maana kwamba hewa na bakteria vimekwisha kuingia, na pipa limekaa mno. Harufu ya siagi iliyoyeyushwa ikizidi huonyesha kwamba hamira haikuachwa imalize kazi yake. Ladha ya karatasi iliyolowana ni ya bia iliyozeeka. Bia iliyopooza kabisa, isiyo na gesi hata kidogo, imeachwa wazi.

Ukungu peke yake si kosa tena. Kwa kawaida mpishi hutia kwenye pipa dawa ya kuvuta hamira chini, inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki, ndipo bia ikang'aa. Lakini wapishi wengi sasa wanaiacha makusudi, na bia yao huwa na utusitusi. Asiyekula mazao ya wanyama aulize ni bia ipi haikutiwa dawa hiyo. Uliza kwanza kama ukungu ndio hali yake. Ukungu pamoja na uchachu au mashapo ya kusagika mdomoni, huo ndio wa kulalamikiwa.

Nakumbuka jioni moja niliponunua painti ya bita yenye uchachu wa wazi, nikainywa yote kimya kwa sababu nilikuwa mgeni na niliona haya. Baadaye mzee mmoja aliyekuwa kaunta alionja ya kwake, akairudisha kwa sauti ya chini, na mhudumu akamshukuru, akageuza kibao, akaenda kubadilisha pipa. Nilielewa kwamba kimya changu hakikuwa heshima. Kiliwafanya watu wengine watatu au wanne wauziwe bia ile ile. Kwa hiyo irudishe, lakini irudishe mapema, glasi ikiwa karibu kujaa, na useme kwa utulivu: "Samahani, naona hii imechachuka, tafadhali ionje." Watakupa nyingine bila maneno. Usirudishe kwa sababu tu mtindo wa bia haukukupendeza, kwa maana hilo ni la kuonja kabla ya kununua.

Hatua ya saba: zungumza na mpishi

Faida kubwa ya baa hizi ni kwamba aliyepika bia anaweza kuwa yule anayefuta meza. Muulize, akiwa na nafasi. Swali la "hii mliipika lini?" linafungua mlango kuliko sifa kumi. Akikuonyesha mitambo, hivi ndivyo utakavyovielewa vyombo: katika cha kwanza, kimea cha shayiri kilichosagwa huloweshwa kwa maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa muda wa kama saa moja, ili wanga ugeuke sukari, na kinachotoka ni togwa tamu la rangi ya asali. Katika cha pili, togwa hilo huchemshwa kwa saa moja au zaidi pamoja na hopi, ambazo ni maua makavu ya kijani yenye utomvu mchungu. Sugua moja viganjani ukiruhusiwa, kisha unuse. Linapozwa upesi, linaingia katika chombo cha tatu, na hamira inatiwa. Siku ya pili utakuta povu la hamira limesimama juu kama unga uliokandwa. Usiinamishe uso juu ya chombo hicho, kwa sababu gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka humo hukata pumzi ghafla.

Kwenye chumba cha mapipa, tazama kijiti cha mbao laini kilichopigwa juu ya pipa. Kinaacha gesi ya ziada itoke. Ikifikia kiasi kinachotakiwa, mtunzaji hukitoa na kuweka cha mbao ngumu kisichopitisha. Uamuzi huo hufanywa kwa jicho na sikio, na ndio unaotenganisha baa mbili zinazouza bia ile ile.

Kwa wateja wa siku zote, kuwa mpole. Baadhi ya viti vina wenyewe ingawa havijaandikwa. Kuuliza "pana mtu hapa?" kunatosha. Mbwa akilala chini ya meza, mruke. Yeye ni mwenyeji.

Hatua ya nane: kiasi, chakula na kuondoka

Kula kabla ya kwenda, kwa kuwa chakula cha baa hizi mara nyingi ni kripsi, karanga, mayai ya siki na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Mwislamu au yeyote asiyekula nguruwe awe mwangalifu na pakiti zisizo na maelezo na pai zilizopangwa kaunta. Asiyekunywa pombe anakaribishwa vilevile: sheria ya Uingereza inazitaka baa zitoe maji ya bomba bure kwa mteja anayeomba, na rafiki asiyekunywa anaweza kufurahia maongezi na hata kuona mitambo.

Painti moja ya bia yenye asilimia 4 ina yuniti 2.3 za kilevi kwa hesabu ya huko, na ushauri rasmi wa afya ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki, ambazo ni kama painti sita za bia hiyo, zilizotawanywa katika siku kadhaa. Eli hai hunyweka kirahisi kwa sababu haijai gesi tumboni, na hapo ndipo watu hupotea hesabu. Agiza glasi ya maji kila baada ya bia. Gari liache nyumbani: kikomo cha kisheria Uingereza ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na ukivuka mpaka kuingia Scotland ni 50 tangu mwaka 2014.

Karibu na saa ya kufunga, ambayo kwa baa nyingi za aina hii ni kama saa tano usiku, kengele hupigwa kuashiria nafasi ya mwisho ya kuagiza. Ikipigwa tena, mauzo yamefungwa, na kwa kawaida una kama dakika 20 za kumaliza kilichopo mkononi. Rudisha glasi yako tupu kaunta, umshukuru mhudumu, na kama bita ilikuwa nzuri, mtajie jina lake ili ujumbe umfikie aliyeipika.